Talaka ya Nyuzi za Babako

Caney Fork,
Kentucky.
3 Juni 1984

Mpendwa mpwa wangu Oleta,

Pokea salamu zilizovuka milima yote iliyo kati yetu na huko kwenu Tacoma. U hali gani, mwanangu? Mgongo wa mumeo Gunnar umepona? Sisi hatujambo. Mimi mwenyewe nguvu ninazo tele. Juzi ng'ombe wa jirani alizama matopeni, nikamtoa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kikombe cha kahawa, na tone halikumwagika. Muulize mama yako, ingawa atakataa, kwa sababu dada yangu ana wivu tangu utotoni.

Mama yako mzima. Anapanda maharage, anagombana na kuku, Jumapili yuko kanisani. Tangu babako Arvil afariki amepungua mwili, lakini ulimi haujapungua.

Sasa keti, mwanangu. Uliniuliza kama mandolini ya babako iko salama. Mti wake hauna hata mkwaruzo. Kilichokuwa ndani ndicho kilichouawa.

Unajua ala ile ina nyuzi nane, zinakaa mbili mbili, na kila jozi husema sauti moja. Dunia nzima hufanya hivyo. Babako ndiye aliyezigombanisha. Jozi mbili alizikaza kila uzi kivyake, mmoja juu mwingine chini, hata zikipigwa unadhani watu wawili wanalia chumba kimoja, kila mtu na msiba wake. Halafu anaimba juu ya hapo kwa ile sauti yake nyembamba, kali kama baridi ya Januari. Sisi wa bendi tuliita mtindo ule talaka. Mama yako hakulipenda jina hilo hata siku moja. Siku tulipoupiga mara ya kwanza mbele za watu, mimi nikiwa na banjo yangu, mbwa wote wa bonde walinyamaza, na askari aliyekuja kutufukuza akavua kofia.

Santuri zake mnazo huko, lakini talaka haimo. Mafundi wa kurekodi walidhani ala imeharibika, wakamwazima nyingine, naye kwa upole wake akaipokea. Kaseti zetu za nyumbani zilikwenda na mafuriko. Kwa hiyo talaka ilibaki mahali pamoja tu, kwenye nyuzi zenyewe, kama alivyoziacha. Pale kitandani, Estill Napier mpiga fidla wetu akiwa amesimama kando yangu, babako alisema, "Denzil, asiziguse mtu." Nikaifunga mandolini katika blanketi la viraka la bibi yako, mbali na jiko, miaka mitatu. Hata unyevu wa mvua uliniogopa.

Jumapili iliyopita tulikwenda kupamba makaburi. Maua, nyimbo, vyakula vimetandazwa juu ya nyasi. Niliibeba ili nipige wimbo mmoja tu kaburini kwake. Nikaiweka juu ya benchi, nikaenda kujipakulia kuku na mkate wa mahindi. Niliporudi nikamkuta Estill ameipakata, anazungusha funguo za kukazia nyuzi, anakaza, anadonoa uzi, anatabasamu.

"Unafanya nini, Estill?"

"Naitengeneza. Ilikuwa imepotoka."

"Imepotoka? We bwana, unajua fika hiyo ni nini!"

"Najua," akasema, wala haya hakuona. "Miaka thelathini nimesimama kando ya kidude hiki na fidla yangu iliyonyooka, na kila mgeni ananitazama mimi, eti ndimi ninayekosea. Hata mke wangu ananiambia, 'Estill, hebu jitahidi ulingane na Arvil.' Haya, leo tumelingana."

Kikulacho ki nguoni mwako, Oleta. Angekuwa mgeni ningesema kakosa kwa kutojua. Huyu alijua. Huyu alibeba jeneza nami, bega kwa bega. Na kilichonikata maini zaidi ni kwamba alianza kupiga, na watu wakashangilia. Mchungaji akasema, "Leo imetulia vizuri." Mama yako peke yake aliweka sahani chini akaenda kukaa garini.

Alhamisi Estill akaja barazani kwangu na kopo la asali. "Bado umenuna, mzee wa chumvi?"

"Toka kwangu."

"Basi irudishe ilivyokuwa. Si umeitangazia kaunti nzima kwamba unaijua talaka kuliko jina lako?"

Nikaileta. Mwanangu, masikio haya husikia treni ya makaa ingali Virginia Magharibi. Nikazungusha, nikapiga. Ilikuwa inalia, lakini si kilio cha babako. Nikazungusha tena, nikapiga, wapi! Estill alikuwa amekwisha kuacha kucheka. Akafumba macho.

"Ule wa chini umezidi," akasema polepole. "Ulikuwa chini zaidi, kidogo tu. Hapo ndipo ulipokuwa ukinikera."

Nikateremsha. Nikapiga. Alikuwa Arvil. Mama yako, aliyekuwa jikoni kwangu, akaita, "Nani huyo?" Nikamfukuza Estill palepale, na asali yake, kabla hatujaifikia jozi ya pili.

Unaona nilivyofungwa? Mimi niliyeipenda sauti ile, haimo kichwani mwangu. Imo kichwani mwa yule aliyeichukia.

Kesho nakwenda kwake. Sitamsamehe, na akinikaribisha kahawa sitainywa. Funguo nitazishika mimi. Yeye atasema "juu" au "chini", basi. Akitamka neno la tatu nitaondoka. Ikikamilika nitakuletea mwenyewe kwa basi, nimeipakata njia nzima, ukae nayo wewe.

Msalimie Gunnar, na kijana wenu Anders mwambie mjomba wa Kentucky anamtaka wakapimane nguvu. Mama yako anakubusu. Shangazi yako Zelpha anaomba picha. Estill hakutuma salamu, na hata angetuma nisingezifikisha.

Mungu aliyempa babako koo lile akulinde wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye kuliko wajomba wote wa milima hii,

Mjomba Denzil Slone