Mama, Si Shule Iliyosogeza Tarehe

Mama yangu mpenzi,

Kuna jambo nilikuficha ukiwa hai, na tangu tukuzike mwezi wa kwanza limenikaa kifuani. Nimeona nikuandikie, maana nikija makaburini nalia tu, sisemi chochote.

Unakumbuka ile fomu ya kwanza? Nilikuwa nimemaliza sekondari. Tulikaa wewe, mimi na mdogo wangu Amani kwenye meza ya jikoni hapa ugenini, Brooklyn Park, tukijaza maombi ya msaada wa masomo wa serikali kuu. Nilikuuliza mshahara wako wa kufua nguo kule kwenye nyumba ya wazee Anoka, nawe ukaleta karatasi zote za malipo ndani ya mfuko wa plastiki, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Jibu lilipokuja kwamba nimepewa ruzuku, pesa isiyorudishwa, hukuamini.

"Hawa watu hawatujui," ulisema. "Wanatupaje bure?"

Siku hiyo ulipika sombe, yale majani ya mihogo, sufuria nzima, ukampelekea hata jirani wa chini ambaye hajawahi kutusalimu.

Hivyo ndivyo nilivyosomea uuguzi. Nilikuwa nakuja kukuchukua Anoka kwa gari, na njiani ulinisaidia kukariri mifupa ya mwili. Uliyatamka majina yale kwa namna yako, kwa sauti ya mtu anayesoma Maandiko, nami nikacheka hadi siku moja nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu.

Halafu ukaugua. Siku ya upasuaji nilikutafsiria mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita. Ukanishika mkono.

"Sifa, sasa mule ndani nani atanisemea?"

Muuguzi wa nusukaputi, yule anayemlaza mgonjwa na kumlinda mpaka aamke, alikuwa mwanamke mpole, lakini hamkuelewana hata neno moja. Baadaye uliniambia kwamba hukuogopa kisu. Uliogopa kulala kabla hujamwambia mtu lolote. Ndipo nilipoamua kuisomea kazi ile.

Nilipopata nafasi ulipiga vigelegele mbele ya Pasteri, ukasahau kwamba ibada haijaisha. Ilikuwa miaka mitatu ya masomo yasiyoacha muda wa kazi, ila mkopo wa serikali ungebeba gharama. Wiki chache kabla sijaanza, daktari akasema ugonjwa umerudi.

"Nenda shule," ulisema. "Mimi nitakungoja."

Siku ya tatu nikakuambia kwamba shule imesogeza masomo mwaka mmoja mbele. Ulifumba macho ukamshukuru Mungu.

Mama, shule haikusogeza chochote. Ni mimi niliyewaandikia kuomba wanitunzie nafasi. Nilikudanganya kwa sababu ungejua ungenifukuza kitandani pako.

Mwaka ule ule sheria za mikopo zikabadilika. Sikufuatilia, nilikuwa nafuatilia dawa zako. Mwezi uliopita ndipo nilipokwenda ofisi ya misaada ya wanafunzi kujiandaa, na mama mmoja mtu mzima akanieleza taratibu. Kuanzia Julai hii, ule mkopo uliokuwa unaziba pengo lote la shahada za juu hautolewi tena kwa wanaoanza. Mkopo uliobaki una kikomo, na kikomo kikubwa ni cha fani walizoziweka kwenye orodha ya taaluma. Uuguzi haumo, na kikomo kilichobaki hakitoshi ada yangu.

"Haumo vipi?" nilimuuliza. "Nashika maisha ya watu kila siku."

"Najua," alisema. "Hata mimi niliposoma orodha nilishangaa. Ungekuwa umeshaanza mwaka jana, wangekuacha uendelee kwa utaratibu wa zamani."

Akaniambia ziko benki binafsi, lakini zinataka mdhamini. "Una mzazi wa kuweka sahihi pamoja nawe?"

"Nilikuwa naye," nikamjibu. Akainuka akaniletea maji.

Nilipomweleza Amani, ambaye naye sasa yuko mwaka wa pili chuoni, alisema, "Yaya, dada yangu, niache chuo nikafanye kazi ghalani?"

"Ukiacha shule hulali humu," nilimwambia. Tulicheka kidogo, halafu hatukucheka tena.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha. Nilikaa garini nje ya hospitali kabla ya zamu yangu, nikawaandikia kwamba naiachia nafasi.

Sasa nisikilize, maana nakujua: huko uliko utaanza kujilaumu. Usijilaumu. Mwaka ule nilikuogesha. Nilikusuka nywele zako zilipoota upya, laini kama za mtoto. Ulinitajia jina la bibi yako, ambalo sikuwahi kulisikia, na ukanionyesha jinsi alivyokuwa akicheza, ukiwa umekaa kitandani, mabega tu. Wakinirudisha siku ile leo, huku nikijua yote yatakayokuja, nitawaandikia shule barua ile ile, nami nitakudanganya tena.

Lakini sitasema siumii. Naumia. Nikiwapeleka wagonjwa chumba cha upasuaji natazama sakafu. Kanisani wakiniuliza naanza lini, nasema bado. Na huwa nakasirika, Mama, kwamba mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani alikaa mahali akaamua kazi yetu ni ya daraja gani.

Jana shule walinijibu. Nafasi yangu wamempa mtu aliyekuwa wa kwanza kati ya waliokuwa wakisubiri. Simjui. Sijui atalipaje. Nilipiga magoti nikamwombea asome vizuri, na siku atakapomaliza, mama yake awe hai.

Pumzika, Mama.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Sifa