Dawa niliyoiita chokaa

Kasongo, Jumanne

Nimemutukana Papa Saidi wa farmasi mbele ya wateja wake. Nilimwambia jenerike aliyoniuzia, ile dawa ya bei ndogo, ni chokaa tupu, kwa sababu leo mwalimu alimurudisha mutoto wangu Zaina nyumbani mapema: hakutulia darasani, aliongea bila kupumzika. Ile spesialite ya Bukavu aliyotumia zamani, yenye jina kubwa, nikasema, ndiyo ilikuwa inamutuliza.

Papa Saidi alinijibu polepole: "Mama Zaina, dawa iko ileile. Jina tu ndilo lingine."

Sikutaka kumusikia.

Jioni, nikiwa ninasonga bugali, Zaina akaniuliza: "Mama, asubuhi haukunipa dawa. Nilifanya kosa gani?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi, ninayemugombeza kila siku kwa kusahau.

Na mutoto alishinda siku nzima akizani nilimunyima dawa kwa azabu.