Taa Nne na Betri Mbili za Boti ya Mwaya

Mtaa wa Sokoni,
S.L.P. 61,
Mbeya.
14 Agosti, 1956

Mpendwa mdogo wangu Halfani,

Salamu nyingi zikufikie hapo Iringa, wewe na wifi yangu Jaha na watoto. Je, mgongo wako umepoa? Huku baridi ya mwezi uliopita haikumwonea mtu huruma. Asubuhi tulikuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi. Mimi sijambo, kifua kimeniachia, nakula na nalala.

Barua yako niliipata, ile uliyoandika kwa hasira. Ulisema mwanangu Matano amekuaibisha kwa Bwana Ahmadi mwenye boti, kwamba betri ya boti anaiazimisha kwa watu wa arusi, na kwamba akifukuzwa huko Mwaya asikanyage tena gereji yako uliyomfundishia kazi. Niliisoma mara tatu, nikalia. Sasa tulia unisikilize, maana leo naandika huku nacheka.

Matano hakufukuzwa. Anaaminiwa kuliko kwanza.

Mambo yalikuwa hivi. Injini ya ile boti inataka volti kumi na mbili ndipo iamke. Betri zake ni mbili, za volti sita sita, zimefungwa moja nyuma ya mwenzake ili nguvu zijumlishwe. Lakini taa zake zilitoka kwenye gari kuukuu, nazo ni za volti sita. Ukizipa kumi na mbili zinaungua. Kwa hiyo zote zilikuwa zinalishwa na betri moja tu, ile ya karibu na mlango. Unaona mimi niliyeishia darasa la pili ninavyoyajua haya? Mwanangu alinieleza kwa viazi viwili na kipande cha uzi, mezani kwangu, nikaelewa mara moja. Wewe hujapata kunifundisha hata kuwasha tochi.

Basi betri ya mlangoni inafanya kazi ya injini na ya taa, mwenzake anafanya ya injini peke yake. Kukicha moja imekwisha, nyingine imeshiba, na injini haiamki. Zikichajiwa pamoja, iliyoshiba inachemka mpaka maji yanakauka, na yenye njaa bado ina njaa. Bwana Ahmadi alinunua mpya mara mbili, akaiweka palepale mlangoni, ikafa vilevile. Ndipo watu wa Mwaya wakaanza: "Kila siku ni betri ileile? Basi fundi anaitembeza." Bwana Ahmadi akampa mpaka Ijumaa.

Matano akaja kwangu na lori la mchele, amekumbatia betri ndani ya gunia, aichajishe hapa mjini. Tindikali yake imenitobolea kanga yangu ya Idi, nimesamehe. Alikaa jikoni akiikodolea macho kama mgonjwa, chai ikapoa. Halafu akasema, "Mama, betri haina kosa. Wanne wanakula sahani moja, na sahani ya pili haiguswi."

Alichofanya ni hiki. Taa ni nne. Akazifunga mbili mbili, moja nyuma ya mwenzake, akazipa volti zote kumi na mbili, kila taa ikapata sita yake. Sasa betri zote zinachoka pamoja na kushiba pamoja. Ubaya ni mmoja: taa ikiungua, na mwenzake anazimika. Bwana Ahmadi alinung'unika. Matano akamjibu, "Nunua taa, mzee, upumzike kununua betri."

Alhamisi ile boti ilitoka Matema, taa zikawaka tangu magharibi mpaka Mwaya. Kulipokucha Ijumaa wakabonyeza mara moja, injini ikaitika. Bwana Ahmadi akamwomba radhi mbele ya wapakiaji wote. Mbele ya wote, Halfani. Habari imefika mpaka Uyole, na si mimi niliyeipeleka yote.

Limebaki neno moja. Nilimwuliza Matano ni fundi gani alifunga taa zote kwenye betri moja. Akainamia kikombe. Nikakumbuka mwenyewe: mwaka juzi ulipompeleka Mwaya, ulikaa siku mbili ukifunga taa za boti hiyohiyo. Bwana Ahmadi naye alikumbuka, akamwambia, "Kumbe mjomba wako ndiye aliyeniharibia." Matano akakataa. Alisema, "Mjomba alifunga boti ya mchana, na kwa mchana alifunga sawa. Ni sisi tulioanza kutembea na giza." Haya sikuyapata kwake, aliniambia dereva wa lori.

Kwa hiyo mwandikie. Sikuambii umwombe radhi, wewe ni mjomba wake. Mwite tu siku ya Maulidi aje gereji akuonyeshe hizo taa mbili mbili. Ukimwona anakuuliza wewe kama vile hajui, basi jua ndivyo nilivyomlea.

Nisalimie wifi Jaha, na Mama Rozalia wa Kalenga, mwambie mbegu zake za maharage zimeota zote. Mwenyezi Mungu awape afya na riziki ya halali, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiniliza,

Mwantumu binti Matano,
mama wa fundi