Bomba Nyuma ya Bwalo

Nyumba za Wahadhiri,
Nyuma ya Maktaba Kuu.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo je, umepoa, au bado unashuka kwenye lori kama babu wa miaka mia? Wifi yangu na yule mtundu wenu wa mwisho wanaionaje baridi ya huko? Niambie ukweli, si ule wa "hatujambo, wazima" unaonipa kwenye simu huku nakusikia unavyokohoa.

Sisi huku tuko salama, namshukuru Mungu. Mama hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda inamwachia, naye anaanza kuzunguka nyumba nzima akikagua kazi za watu. Masikio ndiyo yamepungua kidogo, ingawa ukimsengenya anasikia vizuri sana.

Mimi nipo. Hilo ndilo jibu ninaloliweza kwa sasa. Sauti imenikauka tangu muhula uanze. Ukumbi ninaofundishia somo la mazingira umejaa mpaka madirishani. Wengine wanaandikia mapajani, wengine wamesimama nje wanasikilizia kwenye nondo za madirisha. Kipaza sauti kilikufa, na mashine ya kuonyeshea picha ukutani ikakifuata. Kwa hiyo nafundisha habari za hewa chafu ndani ya chumba kisicho na hewa, tena kwa kupiga kelele. Wanafunzi wananiita Mama Miti. Zamani jina hilo lilinifurahisha. Siku hizi naona linanifaa kwa sababu nimesimama mahali pamoja miaka mingi, watu wanapita, na wengine wanalala usingizi mbele yangu kama wako kivulini.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu inakatika katikati, na hili sitaki likatike. Ni habari ya mwanao. Kaa kwanza. Haumwi, hana mimba, hajafa mtu. Ila haendi darasani tangu mwezi uliopita, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla wambea hawajakufikia.

Unavyomjua Bibi Mdogo wetu, jina la mama alilirithi, na ubishi wake akaukomba wote. Basi ubishi huo ndio uliotufikisha hapa.

Kila mwaka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu nawatoa nje kupima maji ya kijito kinachokatiza chuo. Kinaingia juu, karibu na lango kuu, kinapita nyuma ya maabara na bwalo la chakula, kisha kinatokea chini kwenye bustani za akina mama wanaolima mboga za kuuza. Wengi huchota darajani kwa kuwa pana kivuli, wakapima, wakaandika kwamba uchafu unatoka mitaa ya juu, wakaenda zao. Mwanao na kundi lake hawakuridhika. Walichota mahali maji yanapoingia chuoni, wakachota tena yanapotoka. Yanapoingia si ya kusifia, lakini samaki wadogo wanaishi humo. Yanapotoka hakuna kinachoishi isipokuwa harufu.

Wakafuata ukingo, wanaingia vichakani na kutoka wamechanika nguo, mpaka wakalikuta bomba. Limejificha nyuma ya bwalo, chini ya ile miti tuliyoipanda kwa shamrashamra huku tunapigwa picha, hatua chache kutoka kwenye kibao kilichoandikwa TUTUNZE MAZINGIRA. Linamwaga mafuta ya jikoni, mapovu ya sabuni na maji ya maabara yenye rangi ambayo sikuipenda hata kidogo. Waliniita, nikaenda, nikaona kwa macho yangu. Nikasimama pale, mdogo wangu, uchovu ukinipanda kutoka miguuni. Bomba lenyewe halikunichosha. Kilichonichosha ni kwamba nilijua kitakachofuata.

Matokeo waliyaeleza darasani, kama somo linavyotaka. Bibi Mdogo ndiye aliyesimama mbele. Alieleza taratibu, bila mbwembwe na bila kumtaja mtu. Mwenzake mmoja akarekodi kwa simu, na kabla ya jua kuzama chuo kizima kilikuwa kinatazama. Kesho yake akina mama wa bustani wakafika langoni kuuliza mboga zao wanazimwagilia nini.

Mkuu wa kitivo akaniita. Ni yule yule tuliyesoma naye, aliyekuwa akija nyumbani kwetu na kumaliza sufuria. Alinimiminia chai, akafunga mlango, akasema kwa upole kabisa, "Dada, hivi hukuweza kuwapeleka mbali kidogo? Mito ni mingi."

"Mito ni mingi," nikamwambia, "lakini bomba hili ni letu."

"Ndiyo maana," akasema, akanisogezea sukari.

Wiki iliyofuata mwanao akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa lake waliliita kuchafua jina la chuo. Nilicheka peke yangu ofisini, kile kicheko kisicho na furaha. Kumbe kijito ruhusa kukichafua, jina ndilo marufuku.

Walimwachia upenyo. Atie sahihi tamko fupi kwamba vipimo vilikosewa na kwamba anaomba radhi, mambo yaishe, afanye mitihani yake kama wenzake.

Hapa naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanuna. Nilirudi nyumbani, nikamkuta jikoni anaosha vyombo, nikamwambia atie sahihi. Nikamwambia amebakiza kidogo sana amalize. Nikamwambia baba yake analala ndani ya lori kwenye baridi kwa ajili yake. Nilikutumia wewe kama fimbo, mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anachotaka ni kelele ziishe tu.

Hakubishana, na hilo peke yake lingenishtua. Alifuta mikono, akavuta stuli, akakaa, akaniuliza, "Shangazi, nikisema vipimo vilikosewa, utanipa alama gani?"

Ile kazi nilikuwa nimeshaisahihisha, na ilikuwa bora kuliko zote nilizopokea mwaka huu. Angetia sahihi, ningelazimika kumkata alama kwa uongo niliomtuma mwenyewe.

"Malizia vyombo," nikamwambia. Akamalizia vyombo.

Siku ya kamati sikuruhusiwa kuingia, eti kwa kuwa mimi ni shangazi yake. Nilikaa kwenye benchi la nje. Katibu muhtasi alinionea huruma akaniletea maji ya chupa. Kwenye ofisi zile hawanywi mengine. Nikiwa pale nilisikia sauti ya mwanao mara moja tu ikivuka mlango. Alikuwa anasema yuko tayari kupima upya, pamoja na mtu yeyote watakayemchagua wao wenyewe, siku waitakayo. Hawakumchagua mtu. Akatoka amesimamishwa masomo hadi muhula ujao. Pale hakulia. Alilia tulipofika nyumbani, alipokuta mama amemwekea chakula na kukifunika kisipoe.

Mama tulimdanganya kwamba mtoto yuko likizo. Kila asubuhi akawa anauliza, "Likizo gani hii ya mtu mmoja?" Mwisho tukashindwa, tukamweleza yote. Akaacha kuchambua mchele aliokuwa nao mapajani.

"Yaani wamemtoa kwa kusema maji ni machafu?" akasema. "Mimi nilidhani hicho ndicho mnachomsomesha." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Nadhani ni mchele ule ulionifanya nisipate raha. Jumatatu yake nililichukua darasa zima la mwaka wa tatu, tukateremka kijitoni kupima upya. Mkuu wa kitivo alinipigia tukiwa njiani. Nikaiacha simu ilie mpaka ichoke. Tulichota palepale, tukapata yaleyale, na safari hii jina la juu kabisa kwenye taarifa likawa langu. Nikaipeleka kwa uongozi wa chuo na kwa watu wa afya wa mji. Nikawaambia uongozi kwamba kama huku ni kuchafua jina, basi mchafuzi ni mimi, kwa maana mwanafunzi alitumwa na mwalimu wake. Usidhani nilijiona shujaa. Jua lilikuwa kali, viatu vilinibana, na muda wote nilikuwa nawaza kufika nyumbani nijinyooshe.

Walinijibu upesi, kwa adabu zote. Ukuu wa idara nimevuliwa, ili eti nipate nafasi ya kufanya utafiti. Ofisi nimehamishiwa kachumba kalikopakana na stoo ya viti vibovu, na mara kwa mara mtu anafungua mlango wangu anarusha kiti. Kusema la haki, vikao vimepungua, na hilo silalamikii.

Halafu siku moja, bila tangazo wala taarifa, likaja tingatinga. Wakachimba nyuma ya bwalo, wakang'oa baadhi ya miti yetu ya kupigia picha, wakaliunganisha bomba na mfereji mkuu wa majitaka wa mji. Hakuna aliyesema kwa nini. Kibao walikitoa, wakamaliza kazi, wakakirudisha. Nilipokutana na mkuu wa kitivo koridoni alinisimulia kirefu habari za goti lake. Nikampa pole ya goti.

Nilidhani sasa watamwita mtoto. Hawajamwita. Bomba limekiri, wao bado. Nimekata rufaa kwa niaba yake, na kila nikiuliza naambiwa suala linashughulikiwa. Nawe unajua suala likianza kushughulikiwa linavyopata usingizi. Hata wakikataa, muhula ujao anarudi darasani. Hilo nimelihakikisha kwa msajili mwenyewe, kwa hiyo usije ukaacha kazi ukapanda ndege kuja kupigana na watu. Atachelewa kumaliza, lakini atamaliza.

Usifikiri anashinda amelala. Asubuhi anamsaidia mama, kisha anateremka kwa akina mama wa bustani. Anawapimia maji ya kisima chao kwa vifaa vyangu chakavu, anawaeleza sehemu ipi ya shamba ipumzishwe na ipi inafaa kupandwa. Mwanzoni hawakumtaka, walimwona ni mtu wa chuo kilekile. Mmoja wao, mwenye mdomo kuliko wote, alimwambia arudi akawapimie mabosi wake akili. Siku hizi huyohuyo ndiye anayemwita Daktari wa Maji, na mwanao anajifanya halitaki hilo jina. Anarudi na tope mpaka magotini, na hamu ya kula ambayo hakuwa nayo wiki zile za kamati.

Sasa nifike kwenye lililo zito. Najua umemwombea nafasi kwa tajiri wako huko, aje akimaliza masomo, akae ofisini kwenye joto, alale karibu na wazazi wake. Najua umelisubiri hilo muda mrefu. Jana mchana, tukiwa tunaanua nguo, akaniambia kwamba haji. Akasema hajui atakuambiaje. Anataka akimaliza aendelee mbele na masomo, kisha afundishe. Somo langu hili hili.

Nilimtazama na shuka mkononi. Nilitaka kumwambia asithubutu. Sababu ninazo tele, na mwaka huu zimeongezeka: koo, viti vinavyorushwa, watu wazuri wanaokunywa nawe chai huku wanakuomba ufumbe macho. Nilifungua mdomo nizitaje moja moja, nikajikuta nauliza kitu kingine kabisa.

"Utaanza kuwafundisha nini?"

"Sitaanza na kitu," akasema. "Nitawauliza nyumbani kwao maji yanatoka wapi, halafu nitanyamaza."

Mdogo wangu, nimefundisha somo hili nusu ya maisha yangu na sijawahi kunyamaza. Tukakunja lile shuka pamoja, yeye huku, mimi kule, na sikumkataza. Nakuomba na wewe usimkataze. Ukimpigia, usianze na kamati wala usianze na tajiri wako. Mwache aseme mwenyewe, na akikawia kusema, vumilia tu kwenye simu. Ana hofu na wewe kuliko alivyokuwa na hofu na wale wazee wa nidhamu.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie viatu alivyomtumia mama vimemkaa, ingawa anadai vya kizee. Mtundu mbusu kwa niaba yangu. Mjomba akipita kwenu mwambie bado namdai salamu za mwaka jana. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Binti yako hajui kama nakuandikia. Salamu zake nazituma bila ruhusa yake.

Mungu akuongoze barabarani, breki zishike, na usingizi ukukute kitandani, usikukute kwenye usukani.

Ni mimi dada yako mkubwa,
nikupendaye hata nikiwa nimechoka hivi.