Shafiki Loku, Uliyejua Nani Amekula Mwanga

Mwaka umekwisha, Shafiki, tangu mlango wa chumba chako pale Arua ulipovunjwa, ukakutwa umeinamia kompyuta, na sigiri ya makaa imezimika kando ya miguu yako.

Ulikuwa mtu wa watu. Ukifika kwetu kijijini Lobule, nyumba inajaa kabla hujavua viatu. "Mtoto wa Poni, hebu leta habari za huko juu!" Nawe unawapa habari za Titani, mwezi wa sayari ya Zohali, ambao hewa yake ulikuwa ukiipima kwa mwanga wa infraredi, ule wa joto usioonekana kwa macho. "Kila gesi inakula sehemu yake ya mwanga," ulisema. "Ni kama mbuzi kwenye mihogo. Mimi naangalia palipoliwa, najua nani amepita." Shangazi Drateru akakurushia, "Kumbe umesoma miaka yote hiyo uwe mmbeya wa mbinguni!" Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia.

Gesi uliyoifuatilia kule ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ndiyo hiyo hiyo iliyotoka kwenye makaa siku ile ya mvua, ulipoingiza sigiri ndani upate joto, ukafunga dirisha. Uliitambua kwenye mwezi wa mbali. Puani mwako ikapita kimya. Daktari alitueleza wazi kuwa ndiyo iliyokuua.

Lakini kinywa jumba la maneno. Kwa kuwa Juliet, mchumba wako, ndiye aliyekupikia maharage jioni ile, watu wakasema, "Amemlisha sumu." Matangani hakuna aliyempa hata pembe ya mkeka. Mama yako, Mariam Poni, alisimama mbele ya wote: "Huyu mutoto alikula naye sahani moja. Sumu gani iko nachagua mdomo?" Hawakumsikiliza. Juliet akarudi kwao Inde, na tangu hapo hajakanyaga Lobule.

Jumapili hii tunakusomea hitima. Mama mwenyewe amemfuata Juliet kwao. Maharage atapika Juliet, nje uani, na Mama ndiye atakayekula kwanza, watu wote wakiangalia. Mwenye neno aje nalo, kijiko mkononi.

Wanaokulilia: Mama yako, Mariam Poni, kaka yako Mogga, shangazi Drateru, na Juliet, binti yetu.

Hutatutoka moyoni, Shafiki. Sigiri sasa inalala nje.