Sekunde Kumi na Moja Zimenifanya Mwaguzi

Mwalimu Sainaba mpendwa, nakusihi unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mke wangu nilipomweleza alikasirika katikati na sehemu yenyewe hasa hakuisikia.

Mimi ni fundi mitambo wa kituo kidogo cha runinga ya waya huku upande wa Areekode, nina miaka thelathini na tatu, nina mke, Ramseena, na binti wa miaka minne, Hiba, tumepanga nyumba ya pili kutoka kwa wazazi wa mke wangu na chakula cha jioni tunakula kwao. Baba mkwe wangu ni mzee Kunhalavi, amepima mbao za msaji kwenye bohari la Nilambur kwa miaka thelathini na moja, na ni mtu ambaye hamwamini mtu asiyeweza kukuonyesha kwa kidole kazi aliyoifanya leo. Miaka sita tangu nioe alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi, maana huku kwetu mkwe huitwa bwana harusi hata akizeeka: "Huyu ndiye bwana harusi wetu, anashughulika na nyaya." Basi, hapo hapo anageukia habari za shemeji yangu aliyeko Doha. Sikuwa na chuki naye, Mwalimu, ila nilikuwa nakula mezani kwake kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Sasa, msimu wa mpira wa wachezaji saba kwa saba unapoanza, kituo chetu huonyesha mashindano moja kwa moja kutoka uwanjani, kilomita saba kutoka kwetu, na chombo kinachofanya kazi hiyo ni kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu kinene, tunakiita enkoda, kamera inakitilia picha upande huu, chenyewe kinazibana na kuzitoa upande ule ziingie kwenye mtandao mpaka kituoni, na kutoka kituoni zinakwenda kwenye ving'amuzi vya watu. Zamu yangu siku za mechi si uwanjani, ni nyumbani, nikae nitazame kama mteja, nione picha ikikwama kabla mteja hajaiona, na sikioni nina hedifoni ya simu, naongea na Basheer, mpiga picha wetu aliyeko kwenye jukwaa la mianzi kule uwanjani. Na jambo ambalo kila fundi analijua ila mtazamaji halimjii akilini ni kwamba picha inachelewa, Mwalimu, kwetu sisi inachelewa sekunde kumi na moja, lakini simu haichelewi.

Siku ya kwanza ilikuwa utani tu. Ilikuwa penalti, yule mshambuliaji Mghana anaiweka chini, sebule nzima ya baba mkwe imenyamaza, na mimi sikioni nimeshamsikia Basheer akipiga kelele, "Mwamba! Imegonga mwamba!" Nikasema polepole, bila kumwangalia mtu, "Hii inagonga mwamba." Ikagonga mwamba. Baba mkwe aligeuka na kiti chake. "Umejuaje?" Nilikuwa na jibu mdomoni, naapa nilikuwa nalo, nilitaka kucheka niseme simu hii, Baba, lakini akaisukuma sahani ya kichwa cha samaki nguru mbele yangu, sahani ambayo miaka sita sikuwahi kuiona ikivuka upande wangu wa meza, akasema, "Kula, mwanangu. Mtu anayeujua mpira hivi hawezi kuwa mjinga." Nikala, Mwalimu.

Baada ya hapo ningeachaje? Nilisema kona hii haina kitu, nikasema kipa ataudaka kisha utamponyoka, nikasema huyu anatolewa nje kwa kadi, na kila mara ikawa. Mzee akaanza kualika wenzake kutoka mgahawa wa Hamsakoya, wazee watano wakiwa na vikombe vya chai ya ndimu, hawatazami runinga tena, wananitazama mdomo. Wakasema si ujuzi tu, huyu ana jicho la kuona yajayo. Mzee mmoja akaniuliza viza ya mwanawe itatoka lini, nikamwambia sijui, akasema, "Ona alivyo mnyenyekevu," na viza ikatoka wiki ileile, basi hilo nalo likahesabiwa kwangu.

Kisha mzee akaanza kuchoka akipanda ngazi tatu za barazani. Hospitalini Kozhikode wakampiga picha ya mishipa ya moyo, mitatu imeziba, daktari akasema afanyiwe upasuaji na siku ikapangwa. Tuliporudi, alasiri ileile, akaniita barazani, akamtuma mama mkwe ndani akachemshe maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, akanisogelea.

"Bwana harusi, wewe niambie tu. Mimi siogopi. Goli au nje?"

"Baba, haya si mambo ya mpira."

"Najua si mpira. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi Hamsakoya."

Nikasema, "Sijaona kitu, Baba."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la maana. "Basi tusubiri uone."

Na kweli akasubiri! Siku ya upasuaji ikafika, akaipigia hospitali simu mwenyewe akasema ana dharura ya kifamilia, wakampa tarehe nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo, na hiyo nayo anasema hataenda mpaka mimi nione. Mama mkwe analia jikoni. Shemeji ananipigia kutoka Doha, "Shemeji, mwambie chochote, sema goli, aende!" Nikisema goli akafia kwenye meza ya upasuaji, nitaishi vipi? Nikisema nje, nimemuua mimi. Nikisema ukweli, atajua kwamba miezi miwili amenitangaza kijiji kizima kwa ajili ya simu, na Ramseena anasema, "Baba Hiba, aibu hiyo itampasua moyo kabla daktari hajaushika." Halafu usiku analala kidogo, anaamka, ananiambia nimwambie. Halafu asubuhi ananiambia nisimwambie.

Nifanye nini, Mwalimu? Nakuandikia nikiwa chumba cha mitambo, mchana, enkoda sita zinajipepea kwa feni zake mbele yangu, na mimi ndiye ninayetoka jasho.

Jamsheer,
fundi mitambo

MAJIBU YA MWALIMU SAINABA

Jamsheer, barua yako ilinifikia Ijumaa. Ukurasa huu hutoka gazetini Jumapili, na Jumapili iliyofuata mzee wako angekuwa ameshapitwa na tarehe ya pili. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile, jambo ambalo silifanyi. Nayaandika hapa tuliyoyasema, kwa kuwa umeniruhusu na umeniambia nisibadili jina la mtu.

Nilikiri kwamba nilicheka mpaka penye kichwa cha samaki. Hapo niliacha kucheka. Miaka sita ya kula kama mgeni ni mingi, na sikulaumu kwa sahani ile ya kwanza. Nakulaumu kwa ya pili. Siku ya kwanza ulimtania mzee, siku ya pili ulimdanganya, na siku aliyokuuliza barazani ulimwambia "sijaona", neno ambalo husemwa na mtu ambaye huona. Uliogopa kuchagua kati ya goli na nje, ukadhani ukinyamaza huchagui. Mwanangu, kunyamaza kwako ndiko kulikoahirisha upasuaji. Mishipa ilikuwa haisubiri.

Nilikwambia: leo, si kesho. Usiende na hotuba, mzee wa mbao hana haja na hotuba. Mchukue mpaka kituoni, mvalishe hedifoni, mwoneshe runinga, mwache asikie na aone mwenyewe. Ukanong'ona, "Na akiniacha hapo akaondoka?" Nikasema, basi ataondoka kwa miguu yake, akiwa hai.

Na ndivyo alivyofanya. Uliniambia alisikiliza mpira wa mchana wa vijana, akamsikia Basheer, akaitazama runinga, akahesabu kwa vidole mpaka kumi na moja, mara tatu. Akavua hedifoni, akaiweka juu ya meza taratibu, akatoka nje, akakodi bajaji peke yake. Siku mbili hakukusemesha. Ulinipigia ukilia, nami nilikuwa mkali: nilikwambia huna haki ya kusamehewa kwa ratiba yako.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akasimama mlangoni pa chumba cha mitambo na mwavuli wake. Hakukusalimu. Akauliza:

"Hizo sekunde kumi na moja, mpira unakuwa wapi?"

Hapo, Jamsheer, nilikupenda, kwa sababu hukuomba msamaha tena. Ulimjibu swali lake. Ulifungua kifuniko cha enkoda moja mbovu, ukamwonesha. Ukamwambia kisanduku hiki kinaikata picha vipande vidogo vidogo, kinalinganisha hii na iliyotangulia, majani ya uwanja yasiyosogea hakiyatumi tena, kinatuma kilichosogea tu, mchezaji na mpira na kivuli chake, na ili kilinganishe lazima kingoje picha kadhaa zifike. Kisha kituoni mnafungua, mnabandika matangazo, mnabana tena. Kisha king'amuzi cha nyumbani nacho kinajiwekea akiba kidogo ili picha isikatike.

"Kwa hiyo muda wote huo mpira umeshaingia golini."

"Umeshaingia, Baba. Sisi ndio hatujafika."

Akakaa kwenye kigoda chako saa nzima na nusu. Akauliza ni nani aliyeamua majani yasitumwe. Akauliza kama wingu likipita nalo linatumwa. Akauliza kwa nini wasitengeneze kisanduku kisichosubiri, ukamwambia vipo, vinachelewa chini ya sekunde moja, ila bei yake kituo hakiiwezi, akasema, "Kwa hiyo aibu yangu yote ni bei ya chombo." Hukujua ucheke au ulie, na yeye hakucheka.

Kisha akauliza lile swali jingine, la moyo wake. "Na yule daktari, naye ana mtu wa kumwambia sikioni?"

"Hana, Baba. Ana picha tu."

"Basi tukaione hiyo picha."

Mkaenda Kozhikode asubuhi iliyofuata, wewe, yeye na Ramseena. Daktari akaigeuza kompyuta, mishipa ikaonekana ikipiga, mitatu imebanwa kama bomba lililokanyagwa. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Daktari alidhani ataulizwa kuhusu maumivu. Mzee akauliza:

"Hii ni ya sasa hivi au imechelewa?"

"Hii? Ni ya siku ile ulipokuja, mzee. Wiki tano zilizopita."

"Wiki tano!" Ramseena anasema baba yake alirudi nyuma kama aliyepigwa. "Basi ilivyo leo hamjui hata ninyi."

"Leo hatujui. Tunajua kuziba hakujapungua."

Akaomba kalamu. Alisaini fomu ya upasuaji akiwa amesimama.

Alhamisi wamempasua. Leo ni Ijumaa, nimezungumza na Ramseena kabla ya kuandika: wamemtoa mashine ya kupumulia alfajiri, anawajua watu, ameomba uji wa mchele na amenyimwa, amewagombeza wauguzi. Daktari anasema siku tano hizi ndizo za kuangaliwa. Mimi siongezi neno hapo, na wewe usiongeze.

Umeniuliza kama amekusamehe. Silijui hilo, wala usimuulize mtu mwenye nyuzi kifuani. Kaa kitini karibu na kitanda, mshikie kikombe, na akitaka kusema habari za majani na mawingu mjibu unachokijua. Usichokijua, sema hukijui. Ramseena naye mwache awe na hasira zake. Alibeba siri yako huku akimtazama baba yake akihema kwenye ngazi.

Limebaki moja, na ndilo linalonifanya nikutumie majibu haya leo, kabla hayajachapishwa. Gazeti linafika mgahawani kwa Hamsakoya Jumapili saa moja asubuhi, na wale wazee watano wanasoma mpaka matangazo ya vifo. Bado wanaamini una jicho. Mzee Kunhalavi ndiye aliyewaambia, na akirudi nyumbani ndiye watakayemcheka, tena akiwa hawezi hata kukohoa bila kushika kifua.

Utangulie. Kesho Jumamosi, asubuhi, wakati viti vyote vimejaa, ingia, usiagize chai, sema kwa mdomo wako kwamba uliwadanganya kwa simu na yeye hakujua lolote. Wakucheke wewe. Waache wacheke mpaka wachoke, wakuite mwaguzi wa waya, wakuulize mvua itanyesha lini. Vumilia mpaka wamalize, ili mzee atakapokuja kukaa kwenye kiti chake wawe wameshahamia kwenye habari nyingine.