Fundo kwenye Mti wa Tanga

Alhamisi, Garsen. Joto la kukausha mate, na upepo hakuna kabisa. Kanga za Mama zimening'inia kwenye kamba tangu asubuhi bila kutikisika.

Jumapili tunashindana na watu wa Kipini kwa mashua ndogo za rimoti. Watu wazima kabisa, mtucheke tu. Wiki nzima nimehangaika na ule mti mwembamba unaoshika tanga la mbele kwa chini. Niukate kwenye mwanzi, au kwenye fimbo ya kuvulia samaki? Na kamba ya kuushikilia kwenye sitaha niifunge nchani kabisa, au niirudishe nyuma kidogo, ili ncha ilemee na tanga lisipepee?

Mwanzi ulipinda. Fimbo ilikuwa nzito. Basi jana nikafanya upumbavu.

Kwetu, mtu akipotelea mtoni, upondo wake wa kusukumia mtumbwi huchomekwa ukingoni ili ajue pa kutokea. Haubanduliwi mpaka apatikane. Wa kaka yangu Buya umesimama pale tangu mafuriko yamchukue. Mimi nikabandua kipande. Kilikuwa kikavu, chepesi, kimenyooka; nikakifanya mti wa tanga. Nikajiambia Buya ndiye aliyenifundisha kuchonga mashua, hawezi kuninyima.

Kamba niliifunga nchani kabisa. Hilo nina hakika nalo.

Leo mchana niliiteremsha mashua mtoni, kwenye kona ambapo maji hulala, nijaribu usukani tu. Tanga la mbele likajaa. Tanga kubwa limelegea, la mbele limejaa! Nikazima rimoti. Mashua ikapanda mto taratibu hadi kwenye upondo wa Buya, ikasimama.

Nikaifuata ukingoni kwa woga.

Nilipoiokota, kamba haikuwa nchani. Ilikuwa imerudi nyuma kidogo, mahali penyewe hasa, na fundo limezungushwa kinyume na langu. Buya alitumia mkono wa kushoto.

Nilikusudia kumficha Mama, lakini alinikuta uani. Akalipapasa lile fundo kwa kidole.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, Mama."

"Wewe hujui kufunga hivi."

Nikamweleza yote. Nilitegemea matusi, ila alikaa chini tu.

"Hiyo mti irudi pale pale. Mtoto wangu atatokea wapi?" Nilipogusa kamba, akanishika mkono. "Lakini usifungue."

Bila kufungua, mti hautoki. Nimemwambia basi tuipeleke mashua nzima, tuifunge pale kwenye upondo. Ameikumbatia zaidi.

Mashindano yamenitoka kichwani. Mama yuko mlangoni, mashua mapajani, anazungumza nayo kwa sauti ya chini, kwa Kipokomo, kama alivyokuwa akizungumza na Buya akirudi shamba. Sijamsikia akizungumza hivyo tangu mafuriko.

Nitamnyang'anyaje?